Dakika Nne za Maiki

Kila aliyewahi kuangalia mieleka kwenye televisheni anakumbuka mapambano: mtu anarushwa nje ya kamba, mwamuzi anahesabu hadi tatu, mkanda unahama kiuno. Lakini muulize kwa nini alimchukia adui na kumshangilia steringi, naye atakusimulia jambo lililotokea kabla ya kengele kulia. Atakutajia tambo za kwenye maiki, meneja aliyelisemea jitu lisilofungua mdomo, mahojiano yaliyogeuka ugomvi, kiti kilichomshukia mshindi mgongoni muziki wake ukiwa bado unapigwa. Mapenzi na chuki hutengenezwa hapo. Kengele ikilia, mashabiki wameshachagua upande.

Vipande hivyo visivyo pambano vina mratibu wake, na kazi ya mratibu huyo haionekani kirahisi. Gemu inayoifichua vizuri kuliko zote ninazozijua ni Total Extreme Wrestling ya Mwingereza Adam Ryland. Mfululizo wake ulianza miaka ya 1990 kwa jina la Extreme Warfare. Matoleo mengi yamefuata, likiwamo la mwaka 2020. Humo hamna picha zinazotembea. Mchezaji harushi teke wala hapandi kamba. Ana majina, majedwali, alama zinazofika 100, na karatasi tupu ya onyesho linalofuata. Akitaka kuweka kipande kisicho pambano, anachagua wahusika, anapanga dakika, kisha anaamua jambo zito kwa kila mmoja: huyu apimwe kwa lipi? Kwa maiki? Kwa haiba? Kwa uigizaji? Kwa uwezo wa kutisha? Kwa umaarufu alio nao? Au asipimwe kabisa, asimame tu?

Kampuni kubwa inaweza kulijibu swali hilo kivivu. Ina staa ambaye akitokeza tu ukumbi mzima unasimama. Mpime kwa umaarufu, mpe dakika kumi, kazi imekwisha. Kampuni ndogo haina mtu huyo. Ina ukumbi wa mji mmoja na wanamieleka wanaolipwa kwa kila onyesho, ambao wiki ijayo watakuwa kwa mwajiri mwingine. Akiiva mmoja wao, kampuni yenye fedha inakuja kumchukua. Ukiwapima watu wako kwa umaarufu, namba zitakuumbua, kwa kuwa nje ya mji ule hawajulikani. Kinachobaki ni kile ambacho mtu anacho mwenyewe: mdomo, sura, mwili, namna ya kusimama. Kwa hiyo mratibu wa kampuni ndogo analazimika kuwachunguza watu wake mmoja mmoja, na uchunguzi huo ndio ninaouheshimu.

Tuchukue watu watatu wa aina inayopatikana karibu kila kampuni ndogo. Wa kwanza ni kijana hodari ulingoni, mwepesi, anayependeza kumtazama, lakini kwenye maiki alama zake haziondoki kwenye thelathini. Wa pili ni jitu: likitembea sakafu inalalamika, macho yake yanatisha, ila likianza kusema utisho wote unayeyuka. Wa tatu ni mkongwe aliyekwisha magoti. Pambano la dakika kumi na tano halimo tena mwilini mwake, lakini mdomo wake ungali na makali ya kukata.

Mratibu mgeni anampenda kijana, kwa hiyo anampa maiki. Anamtuma ulingoni akaeleze ndoto zake kwa dakika sita. Matokeo yanasomeka mara moja: kipande kinapata alama mbovu, ukumbi unapoa, nyota ya kijana inashuka kabla hata hajapigana. Huyu mratibu amefanya ukatili akidhani anafanya wema. Amemtaka mtu mbele za watu kitu asichokuwa nacho.

Mratibu mzoefu anampenda kijana yuleyule kwa njia nyingine. Anampeleka mkongwe ulingoni, na anampima kwa maiki. Nyuma yake anaweka jitu, linapimwa kwa kutisha peke yake, halina sentensi hata moja. Mkongwe anatangaza kwamba amepata mrithi, kwamba ukumbi huu umedekezwa, na kwamba amesikia kuna kijana hapa anayesifiwa. Anamwita. Kijana anakuja na kusimama mbele ya jitu, kifua kwa kifua, harudi nyuma. Hajapimwa kwa lolote. Hajasema lolote. Dakika nne, maiki inazimwa.

Tazama kilichofanyika. Mkongwe ametumika kwa kile ambacho umri haujamnyang'anya. Jitu limebaki jitu. Na kijana ameingia katika hadithi yenye joto bila kuulizwa swali asiloweza kulijibu. Mtu anayesimama imara mbele ya hatari hahitaji kujieleza. Gemu inaliweka joto hilo katika hesabu: hadithi ikipata vipande vizuri inapanda, na ikipanda, pambano la wahusika wake linapata nguvu zaidi ya uwezo wao wa ulingoni. Kampuni isiyo na staa imeinua pambano lake kuu kwa dakika nne.

Onyesho la pili, kijana anahojiwa. Mtangazaji anauliza, kijana anakaribia kujibu, jitu linamvamia kwa nyuma na mahojiano yanaishia hapo. Kutosema kwake sasa kuna sababu ambayo shabiki ameiona kwa macho. Onyesho la tatu, na hapo tu, kijana anapewa maiki kwa dakika moja, apimwe, ajaribiwe. Wanamieleka vijana katika gemu hii hukua kwa kutumiwa. Maiki isiyoshikwa haijifundishi. Basi mratibu anamfungulia mlango kidogo, wakati ambapo ukumbi umeshamhurumia na utamsamehe kigugumizi. Mazoezi yamefichwa ndani ya hadithi, na mlipa tiketi hajui kwamba amehudhuria darasa.

Gemu haikubuni hekima hii. Imeichota katika mieleka ya Marekani ya zama za kampuni za kimkoa, na kwangu mfano bora ni Memphis, Tennessee. Huko kipindi cha mieleka kilirushwa moja kwa moja kutoka studio za kituo cha WMC-TV, Jumamosi asubuhi, kwa dakika tisini. Kazi yake ilikuwa kuuza tiketi za Jumatatu usiku katika ukumbi wa Mid-South Coliseum. Studio ilikuwa ndogo, mashabiki wamekaa kwenye mabenchi, na mezani yuko mtangazaji Lance Russell, mtu mzima mwenye sauti ya utulivu. Adui alipomjia akibwata, Russell hakushindana naye kwa kelele. Alionyesha tu kuudhika kwa mtu mwenye adabu zake, na mtazamaji wa nyumbani akaudhika pamoja naye. Yeye hakuwa mwanamieleka, lakini vipande vingi vilimwegemea.

Mwaka 1982 Memphis ilifanya jambo ambalo kila mratibu wa kampuni ndogo angepaswa kulisoma kwa utulivu. Mchekeshaji Andy Kaufman, aliyejulikana kwa tamthilia ya televisheni ya Taxi, alikuwa na mchezo wake wa kushindana mieleka na wanawake. Kwa vipimo vya ulingoni hakuwa na lolote. Wenyeji hawakumtaka awe na lolote. Walimpa kamera. Alirekodi ujumbe wa kuwadharau watu wa Kusini; wakati fulani hata alijifanya kuwafundisha matumizi ya sabuni kana kwamba hawajawahi kuiona. Mji ulichemka. Tarehe 5 Aprili 1982 akapanda ulingoni na Jerry Lawler, shujaa wa mji, ambaye alimgeuza kichwa chini miguu juu na kumkita kwa mtindo uliopigwa marufuku huko. Lawler aliondolewa kwa kuvunja kanuni, Kaufman akapewa ushindi, kisha akatolewa kwa gari la wagonjwa. Julai wawili hao wakakutana katika kipindi cha David Letterman, Kaufman akiwa bado amevaa kola ya shingo, na Lawler akamchapa kofi lililomwangusha kitini. Miaka mingi baadaye ndipo ilipojulikana wazi kwamba walikuwa wakishirikiana.

Hesabu basi mieleka iliyokuwamo humo: pambano lenyewe lilikuwa fupi na lilimalizika kwa kuvunjwa kanuni. Vilivyobaki ni ujumbe wa video, mahojiano, kola ya shingo, na kofi. Kampuni ya kimkoa ilifika kwenye televisheni ya taifa kwa vipande visivyo pambano, kwa sababu ilimpima mgeni wake kwa kile alichokuwa nacho: kipaji cha kukera.

Mfano wa pili uko Philadelphia. Mwaka 1995 Steve Austin alikuwa ameachishwa kazi na kampuni kubwa huku akiuguza msuli wa mkono. Paul Heyman, aliyeiendesha kampuni ndogo ya ECW kutoka ukumbi uliokuwa wa kuchezea bingo, alimchukua mtu asiyeweza kupigana ipasavyo na kumweka mbele ya kamera. Austin akazungumza. Akawaigiza wakubwa waliomtupa, akawacheka, akamwaga uchungu wake wote kwa sauti isiyotetemeka. Hakukaa pale muda mrefu, lakini alipoingia kampuni kubwa ya WWF na kutoa hotuba yake maarufu kwenye shindano la King of the Ring, Juni 1996, aliyekuwa amemwona Philadelphia hakushangaa. Heyman hakumpa pesa nyingi wala hadhira kubwa. Alimpa nafasi ya kusema akiwa na jambo la kusema.

Kila kipande kizuri kina hatari yake, na gemu inaijua. Mtu akishaonja utamu wa maneno hutaka kuyajaza kila mahali. Kila aina ya kampuni katika gemu ina kipimo cha mapambano na maneno ambacho mashabiki wake wanakitarajia, na mwenye kuwaletea wapenzi wa mieleka ya kimapokeo saa nzima ya tambo atalipia alama. Hadithi isiyoguswa kwa muda inapoa. Inayoguswa kila dakika inachosha. Maneno ya maiki ni mkopo, na dawa ya deni ni kulipa. Mkongwe akisema jitu litamvunja kijana mkono, basi siku moja mkono uguswe. Kijana akiapa kulipiza, tarehe itangazwe, na pambano litendeke ulingoni kwa watu waliolipa. Kampuni kubwa ikikopa isilipe, jina lake litaibeba kwa muda. Kampuni ndogo ina mashabiki mia mbili, wanajuana kwa sura, na wote wanakumbuka iliahidi nini.

Ndiyo maana dakika nne zinatosha. Mratibu mzoefu anajua kwamba kipande kina jambo moja la kupeleka mbele, na kikishalipeleka, kila sekunde inayoongezwa inalipunguza. Anajua pia mahali pa kukiweka. Tambo za mkongwe zikikaa mwanzoni, onyesho zima linasubiri jitu litafanya nini. Zikiwekwa baada ya pambano kali, ukumbi uliochoka unapumua na kusikiliza. Zikibanwa kati ya vipande viwili vya maneno, zinapotea. Maneno ni yaleyale na wasemaji ni walewale, lakini thamani yake imeamuliwa na kilichotangulia na kinachofuata.

Ninapoisoma karatasi ya onyesho la kampuni ndogo iliyopangwa vizuri, naona uadilifu ndani yake. Hakuna aliyewekwa mahali pa kuaibika. Aliyezeeka ana kazi, asiyejua kusema ana kazi, anayejifunza amepewa kiasi anachoweza kukibeba, na shabiki amepewa sababu ya kurudi mwezi ujao. Hili linafanyika bila bajeti na bila jina kubwa, kwa kumjua kila mtu kiasi cha kujua ni lini anyamaze. Mwenye mastaa kumi anaweza kufanikiwa akiwa hajawahi kujifunza hayo. Mwenye watu wanane na ukumbi wa kukodi akifanikiwa, basi ameyajifunza, na yeyote atakayefanya kazi chini yake ataondoka pale akiwa bora kuliko alivyokuja.