Uzamani wa "Back to Black" Ulitoka Chumbani

Vaa spika za masikioni, fungulia wimbo "Back to Black", na safari hii usimsikilize Amy Winehouse kwanza. Sikiliza tari. Kila likigongwa linaacha mkia mrefu wa mwangwi, kama limepigwa kwenye ukumbi mtupu usiku wa manane. Chini yake kuna ngoma kubwa inayodunda na piano inayogongwa bila haraka. Dada wa London hajatamka neno, na tayari uko katika miaka ya 1960.

Albamu yenye jina hilo hilo ilitoka Oktoba 2006, miaka 3 baada ya "Frank", albamu yake ya kwanza iliyojaa jazi na hip hop. Safari hii Amy alikuwa anasikiliza sana makundi ya wasichana ya zamani, hasa Shangri-Las. Alipokutana na prodyuza Mark Ronson huko New York alimsikilizisha nyimbo zao. Usiku ule ule Ronson akabuni ile piano na mapigo yake, na Amy akayatungia maneno.

Wengi wangeishia kwenye kompyuta, wakatafuta programu ya kuzeesha sauti. Ronson alipeleka nyimbo alizozitayarisha yeye kwa Dap-Kings, bendi ya soul iliyokuwa na maskani katika studio ya Daptone, Brooklyn. Pale walirekodi kwa tepu, kwa maikrofoni chache, wanamuziki wakipiga pamoja. Na hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Watu wakipiga katika chumba kimoja, mlio wa ngoma huvuja na kuingia kwenye maikrofoni ya gitaa, na saksafoni nayo ikaingia kwenye ya ngoma. Mafundi wengi wa leo huona huko kuvuja ni kasoro, wakamtenga kila mpigaji na ukuta wake. Kwangu mimi, huko kuvuja ndiyo gundi ya albamu hii: huwezi kuichomoa ngoma bila kuichomoa na hewa ya chumba kizima. Ajabu ni kwamba Amy hakuwepo bendi ilipokuwa ikirekodi, ilhali ukisikiliza utaapa kuwa alisimama katikati yao.

Lakini chumba peke yake kingetupa nakala ya zamani tu. Ronson alianza kazi kama DJ wa hip hop, na sikio hilo halikumwacha. Sikiliza "You Know I'm No Good" inavyofunguka: ngoma peke yake, kavu, iko mbele kabisa, tayari kwa mtu wa kurap. Na kweli, Ghostface Killah alikuja kurap juu yake. Tom Elmhirst, fundi aliyechanganya sauti za nyimbo za Ronson, aliipa ngoma na besi uzito ambao santuri za miaka ya 1960 hazikuwa nao.

Usasa mwingine uko mdomoni. "Me & Mr Jones" ina waitikiaji wa mtindo wa zamani wa doo-wop, watamu kama wamevaa magauni ya kung'aa, huku mwimbaji akitukana waziwazi kama msichana yeyote wa mtaa wa Camden, London, aliyekasirika. Waitikiaji hawashtuki hata kidogo, na hilo ndilo linalonifurahisha kila nikiurudia.

Wimbo huo ni wa Salaam Remi, prodyuza wa sehemu iliyobaki ya albamu. Baadhi ya nyimbo zake, kama "Some Unholy War", hazinishiki sana. Ila kazi yake moja inatosha kufundishia darasa zima. Amy alikuwa na wimbo wa polepole wa machozi, "Tears Dry". Remi akauwekea mwendo wa mbio na kuulaza juu ya muziki wa "Ain't No Mountain High Enough", utunzi wa Nickolas Ashford na Valerie Simpson. Toleo la awali lilitolewa Desemba 2011, zaidi kidogo ya miezi 4 baada ya Amy kufariki akiwa na miaka 27. Yasikilize yote mawili kwa kufuatana. Katika lile la polepole, mtu amekaa chini analia. Katika lile la albamu maneno karibu ni yale yale, ila sasa mtu huyo anatembea upesi barabarani, machozi yangali shavuni, na bendi nzima inamfuata nyuma.