Sometimes in April: filamu nzuri, redio isiyochekesha



Ikitajwa RTLM, watu wengi hukimbilia Hotel Rwanda. Mie naiweka mbele Sometimes in April (2005) ya Raoul Peck, Mhaiti aliyekulia Kongo, aliyekwenda kuipiga filamu yake Rwanda kwenyewe. Na kwa kuwa ni bora, ndiyo nina ugomvi nayo.

Hadithi ni ya ndugu wawili Wahutu: Augustin, kapteni wa jeshi mwenye mke Mtutsi, na Honoré, mtangazaji wa RTLM. Peck hakumfanya Honoré shetani. Augustin anapomwomba awavushe mkewe na watoto kwenye vizuizi vya barabarani, anakubali, akitegemea umaarufu wake. Haufui dafu. Wale vijana wenye mapanga wameshaiamini redio kuliko wanavyomwamini mwenye redio. Miaka kumi baadaye anayasimulia hayo akiwa mahabusu Arusha, na nduguye anamsikiliza. Sijaona pengine filamu ikieleza vizuri hivi namna maneno yanavyomponyoka aliyeyasema.

Ugomvi wangu ni lugha. Filamu karibu yote inasema Kiingereza, pamoja na maikrofoni ya Honoré. Sasa RTLM iliyoanza Julai 1993 haikupendwa kwa chuki peke yake. Ilipendwa kwa sababu Radio Rwanda ilikuwa kavu, na hawa walipiga muziki wa Kikongo, wakataniana hewani, wakasema Kinyarwanda cha kijiweni. Kantano Habimana alikuwa mchekeshaji khasa. Ukiyatia hayo kwenye Kiingereza kikavu inabaki amri ya kuua tu, na wanafunzi wangu kila mwaka huniuliza: watu gani hawa wajinga wa kuamini haya? Hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa wakicheka.

Chukua neno "gukora", kufanya kazi, neno la siku za umuganda, la jembe na kufyeka. Redioni likawa kuua. Mahakama ya Arusha iliyajua matatizo haya. Katika kesi ya Akayesu, iliyohukumiwa Septemba 1998, ilimwita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, awaeleze majaji maana ya "inyenzi" na "ibyitso" mwaka ule wa 1994. Majaji walihitaji mwanaisimu. Mtazamaji anaachiwa neno "mende" na kazi imekwisha!

Tena (na hili linatuuma sisi wa vyuoni) Honoré amebebeshwa mzigo wa wakubwa. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waasisi wa RTLM, aliyehukumiwa Desemba 2003, na kifungo chake cha maisha kikapunguzwa kuwa miaka 30 mwaka 2007, alikuwa mwanahistoria mwenye udaktari wa Ufaransa. Msomi wa aina hiyo simwoni humu.

Upande wa Washington nausifu. Prudence Bushnell anataka redio izibwe, anajibiwa sheria na uhuru wa kusema. Ndivyo ilivyokuwa kweli: Mei 1994 Pentagon ilikadiria ndege ya kuzibia mawimbi dola 8,500 kwa saa, ikaona ni ghali.

Dakika tano tu za Kinyarwanda, na tafsiri chini ya skrini, zingetosha.