Dude Walilolifunika

Shoti niliyoisubiri ilipofika, ilipita kama tangazo la sabuni. Mnaikumbuka: ukumbi wa mapumziko katika kambi ya Wanorwei, Edvard amelazwa hoi, kumbe ni dude lililomwiga, mara mkono wake unachomoka, unaota miguu na kumrukia Jonas usoni. Derek anachomwa na mnyiri. Kisha mwili uliobaki unamwinamia Adam sakafuni na sura mbili zinaungana kuwa moja. Kwa tukio hili moja, The Thing ya 2011 ilikuwa na sababu ya kutengenezwa. Na hapo hapo ndipo ilipoharibiwa.

Filamu hiyo ilikuja kulipa deni lililoachwa na The Thing ya kwanza, ya John Carpenter. Katika filamu hiyo ya 1982, rubani MacReady na daktari Copper wanaruka hadi kambi hiyo na kukuta, nje kwenye theluji, maiti iliyoungua yenye nyuso mbili zilizovutana kama unga uliokandwa. Carpenter hakutueleza zilivyokutana. Alituachia maiti, akaendelea na kazi. Kwa miaka 29 tukabaki na swali hilo. Mwongozaji wa ile ya 2011, Matthijs van Heijningen, na wenzake walipoamua kusimulia yaliyotangulia, walijua wazi wanadaiwa nini. Madeni madogo waliyalipa vizuri: shoka lililoachwa limekwama, bonge la barafu lililochimbuliwa, na kile kipimo cha meno yaliyozibwa, kwa kuwa dude haliwezi kuiga madini. Hongera zao. Deni kubwa wakalilipa kwa noti bandia.

Kinachoniuma ni kwamba noti halali ilikuwa mfukoni. Alec Gillis na Tom Woodruff Jr., mafundi wa karakana ya Amalgamated Dynamics, walikuwa wameliunda dude lile kwa mikono: mpira, nyaya, injini ndogo ndani ya mashavu. Lilikuwepo mbele ya kamera, waigizaji wakalitazama kwa macho yao. Upigaji picha ulipokwisha, karibu kazi yote ikafunikwa kwa picha za kompyuta. Baadaye mafundi wenyewe waliitoa video ya kazi yao, na aliyeiona hawezi tena kuitazama filamu kwa amani.

Tazameni ngozi. Ngozi halisi ikivutwa hukaza kwanza, hugoma, kisha hukunjamana pembeni mwa pua. Mpira ulioumbwa vizuri hufanya vivyo hivyo, maana nao ni kitu kinachovutwa na kitu kingine. Katika toleo tuliloonyeshwa, shavu la Adam linayeyuka kama siagi kwenye kikaango. Hakuna kinachogoma, basi hakuna kinachouma. Na mwanga je? Taa ya ukumbini inamwangukia Adam upande mmoja, lakini dude linang'aa kila upande kana kwamba limekuja na taa zake.

Kosa la ndani zaidi ni la ukoo. Filamu za kutisha zina koo zake, na kila ukoo una miiko. Ukoo wa muuaji mwenye kisu huishi kwa umbali kati ya kisu na mgongo, ndiyo maana lazima kuwe na kukimbizana. Ukoo wa mizimu huishi kwa kisichoonekana. Mlango unaobonyea katika The Haunting ya 1963 unatosha. Ukoo wa mwili, ule wa The Fly ya Cronenberg ya 1986, unadai jambo moja: niiamini nyama iliyo mbele yangu, kwa sababu hofu yake ni kwamba nyama yangu nayo yaweza kunisaliti. Carpenter alizijua koo hizi kwa vitendo. Ni yeye aliyetengeneza Halloween mwaka 1978, kukimbizana akakumaliza huko. Katika The Thing yake dude karibu halimkimbizi mtu. Norris, ambaye tayari ni dude, yuko chali mezani. Palmer, dude jingine, amefungwa kwenye kochi. Linapofumka, limo katikati ya watu, na hakuna pa kwenda.

Lile la 2011 lilipokwisha kupakwa kompyuta halikuwa na mshipa wa kukatika wala kiungo cha kukwama, basi wakalikimbiza kwenye korido. Likawa mnyama wa kuwinda. Wakalihamisha ukoo katikati ya filamu. Nimeulalamikia ugonjwa huu katika safu hii tangu Dawn of the Dead ya 2004 ilipowafanya wafu wa Romero wanariadha, na nitaendelea kuulalamikia. Kasi inashtua. Mshtuko huisha kabla hujashusha pumzi, sawa na ule mlio wa ghafla wanaoubandika siku hizi kila mlango unapofunguliwa.

Rob Bottin, fundi wa dude la Carpenter, alikuwa na miaka 22 alipoanza kazi ile ya 1982. Aliifanya zaidi ya mwaka mzima bila siku ya kupumzika, na mwisho akalazwa hospitali kwa uchovu. Dude la mbwa wa bandani ilibidi wampe fundi mwingine, Stan Winston, alitengeneze. Mikono ya Copper inapong'atwa na kifua cha Norris, yule mnayemwona ni mtu asiye na mikono aliyevishwa mikono ya bandia na kinyago cha mwigizaji. Mpiga picha Dean Cundey aliweka taa chache, akaacha kiza kimeze sehemu ambazo mpira ungejulikana. Kila udhaifu wa kifaa uliwalazimu kuamua: tuonyeshe nini, tufiche nini, tukate wapi. Maamuzi hayo ndiyo yanayotisha hadi leo.

Sisemi kompyuta ni adui. Mwaka 1993, katika Jurassic Park, huyo huyo Winston alijenga dinosau wa ukubwa kamili, kompyuta ikashika pale mnyama alipohitaji kukimbia. Kila mmoja alipewa kazi anayoiweza. Katika The Thing ya 2011 mmoja alifanya kazi, mwingine akaja kuifuta.

Mimi ningeomba shoti moja tu. Kamera sakafuni, usawa wa sikio la Adam. Taa moja nyuma ya dude, mbele giza. Mpira wa Gillis na Woodruff ushuke polepole hadi ugusane na shavu, ukaze, ugome, uanze kuvuta. Sekunde kumi na mbili bila kukata, bila muziki, na jicho la Adam likiwa bado wazi.