Msuli Mmoja, Kisu Kisicho na Haraka

Kwenye vilima vya Kipese mzigo hubebwa mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayoubeba. Aliyezaliwa na shingo iliyopinda asitibiwe huubeba hivyohivyo, sikio likielekea bega.

Mwenye kosa ni msuli mmoja. Huanzia nyuma ya sikio, ukashuka na kugawanyika: tawi moja kwenye mfupa wa kifua, jingine kwenye mtulinga. Kwa mtoto mchanga, kuunyoosha kila siku mara nyingi hutosha. Kwa mtu mzima umekwisha kuwa mgumu kama ukanda wa ngozi, na uso umekua ukiufuata: jicho la upande ule liko chini kidogo, shavu limebonyea.

Hapo hubaki upasuaji, na kazi ya kwanza ni ya mtoa nusukaputi, maana shingo isiyonyooka huficha njia ya hewa. Mpira wa kupumulia huingizwa taratibu. Mto huwekwa chini ya mabega, kichwa kikageuzwa.

Mpasuaji hukata ngozi juu kidogo ya mtulinga, kwa kufuata mkunjo wake, ili kovu lijifiche. Lakini msuli haukati papo hapo. Hupitisha koleo lililopinda chini ya msuli, akauinua, kwa sababu nyuma yake kuna mshipa mkubwa wa damu uendao kichwani. Ndipo anapokata juu ya chuma, nyuzi chache chache, akiziba kila tone la damu. Mwaka 1822, mjini Paris, mpasuaji Dupuytren aliukata msuli huu kupitia tundu dogo bila kuuona. Ujasiri ule nauheshimu, lakini nampenda zaidi anayefungua akatazama.

Msuli ukiisha kukatika, kidole cha mpasuaji huingia jerahani huku mwenzake akigeuza kichwa polepole. Uzi uliobaki hukaza chini ya kidole. Nao hutafutwa, hukatwa. Ikibidi, msuli hukatwa pia nyuma ya sikio, karibu kabisa na mfupa, kuunusuru mshipa wa fahamu unaoinua bega.

Baadaye kuna kola ya shingo na miezi ya mazoezi mbele ya kioo. “Hapo ndipo sawa, mama,” mnyooshaji viungo husema, na mgonjwa hukataa: macho yake yamezoea upande, akiwa wima huona ameinama. Basi huanza tena, kidevu hadi bega, mpaka macho nayo yakubali.