Maneno Yaliyo Juu ya Chupa: Uhakiki wa Andiko Kuhusu Matangazo ya Pombe Kali za Anasa

Hivi karibuni tuliletewa andiko la wanafunzi wanne wa chuo kimoja cha sanaa, nao wakaomba tupitie Kiswahili chake kabla hawajaliwasilisha kwa walimu wao. Mradi waliopewa ulikuwa wa kubuni chupa, lebo na kasha la pombe kali itakayouzwa kwa bei ya juu hapa nchini. Na kabla ya kushika kalamu ya kuchorea walitakiwa kuchambua jinsi nyumba kubwa za Ulaya zinavyofungasha na kutangaza vinywaji vyao. Tumelisoma andiko hilo mara mbili. Upande wa macho ni kazi ya kusifiwa. Upande wa maneno lina makosa ambayo tunayakuta pia katika tafsiri za watu wazima, tena wenye mihuri ya ofisi, na kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuyajadili hapa kwa idhini ya waandishi wenyewe.

Wapo wasomaji watakaouliza kwa nini watu wa istilahi wajishughulishe na ulevi. Swali hilo tumejiuliza wenyewe, maana hata orodha zetu za istilahi zimekuwa zikipita kando ya jambo hili kama mtu apitaye mbele ya kilabu akitazama upande wa pili. Lakini karani wa forodha asiyeonja hata tone hana budi kusoma lebo ili atoze ushuru, na mkaguzi wa afya hana budi kuisoma ili aonye. Lugha isiyo na maneno ya kuisomea chupa humwachia mwenye chupa aseme peke yake.

Tuanze na yale yaliyofanywa vyema. Wanafunzi wanaeleza chupa ya Johnnie Walker kwa ufundi mzuri: kwamba umbo lake la mraba, lililoanza kutumika mwaka 1860, lilipunguza kuvunjika na kuwezesha chupa nyingi zaidi kupangwa katika kasha moja, na kwamba lebo yake iliyoinamishwa kwa nyuzi 24 iliacha nafasi ya herufi kubwa zaidi. Yaani jambo ambalo leo linaonekana kuwa ni madaha lilianza kama hesabu ya mchukuzi. Hapo wameona sawasawa.

Lakini ukurasa unaofuata wameandika kwamba hiyo ni “wiski ya mwaka 1820”. La hasha. Mwaka 1820 ndio mwaka ambao nyumba hiyo inauhesabu kuwa mwanzo wake, katika duka la vyakula la mji wa Kilmarnock, Uskoti. Mwaka wa nyumba ni jambo moja na umri wa kinywaji ni jambo jingine, na mbuni wa lebo anajua vizuri kwamba mnunuzi mwenye haraka atavichanganya. Vivyo hivyo 1765 ya Hennessy na 1724 ya Rémy Martin. Tunapendekeza kwamba mwaka wa namna hiyo ufasiriwe daima pamoja na mwenyewe, yaani “nyumba iliyoanza mwaka 1765”, wala usiachwe ukaning’inia juu ya jina la kinywaji.

Na umri wenyewe je? Wiski na brandi hukomaa ndani ya pipa la mti tu. Zikishatiwa katika chupa hazizeeki tena, hata zikikaa kabatini miaka hamsini. Kwa hiyo “miaka 12” iliyoandikwa kwenye lebo nyeusi ya nyumba hiyohiyo ya Walker ni miaka ya pipani, tena ni ya kileo kichanga kuliko vyote vilivyomo katika mchanganyiko huo. Sisi tungependa istilahi “umri wa pipani”, kwa kuwa inamwambia msomaji mara moja umri huo ulihesabiwa wapi na ulikomea wapi. Wanafunzi wameandika “umri wa chupa”, jambo ambalo ni kinyume kabisa. Tena wameisifu lebo ya buluu, iliyo ghali zaidi, kwamba “inaonyesha uzee wake”. Lebo hiyo haitaji umri wowote. Inachotaja ni namba ya kila chupa, na namba hiyo imekaa mahali ambapo jicho lilitazamia kuona miaka. Uchambuzi wa matangazo unaosoma yaliyoandikwa tu, bila kuyasoma yaliyonyamaziwa, haujakamilika.

Sasa tufike mahali palipotusumbua zaidi. Katika lebo ya brandi moja ya Ufaransa wanafunzi walikuta maneno “Fine Champagne Cognac”, wakayafasiri “konyagi ya shampeni nzuri”. Katika maneno manne hayo, matatu yamepotoka. “Champagne” hapa haihusiani na mvinyo unaotoa povu, ambao hutoka katika jimbo jingine la mbali. Ni jina la kale la ardhi tambarare, na kandokando ya mji wa Cognac zimo sehemu mbili zenye jina hilo, Grande Champagne na Petite Champagne, zenye udongo wa chokaa. “Fine” nayo si sifa ya kusema kitu ni kizuri. Mafungu yote mawili ya maneno yameshikwa na sheria: maana yake ni brandi iliyotoka katika sehemu hizo mbili tu, na angalau nusu yake iwe imetoka Grande Champagne. Mfasiri aliyeona sifa alikuwa anatazama ramani.

Lililobaki ni “konyagi”, na hapa kosa si la wanafunzi peke yao. Neno hili lilitokana na jina la mji huo wa Ufaransa, lakini lilipotua kwetu liliuacha mji nyuma. Huko kwao mipaka ya eneo iliwekwa mwaka 1909. Zabibu ziwe nyeupe, ukenekaji uwe wa mara mbili katika vyombo vya shaba, na kukaa katika pipa la mwaloni kusipungue miaka miwili. Tanzania mtu akiagiza konyagi huletewa kinywaji cheupe kama maji, chenye alkoholi ya asilimia 35, kinachotengenezwa Dar es Salaam, na ambacho ladha yake iko karibu na jini kuliko brandi. Hapana udanganyifu katika jambo hilo, kwani mnunuzi anajua anachokiagiza. Udanganyifu huingia pale mfasiri wa orodha ya ushuru anapoliandika neno hilohilo kwa vinywaji vyote viwili, vitu viwili vya asili mbili na bei mbili vikakaa katika mstari mmoja. Maoni yetu ni kwamba konyagi tuwaachie wenye konyagi, na kile cha Ufaransa kiitwe “brandi ya Cognac”, jina la mji likiandikwa kama lilivyo. Istilahi hiyo ni ndefu kidogo, lakini haimpotoshi mtu.

Herufi V.S., V.S.O.P. na X.O. nazo zisifasiriwe herufi kwa herufi. Ni za Kiingereza juu ya bidhaa ya Kifaransa kwa sababu wanunuzi wakubwa wa zamani walikuwa Waingereza. Lakini leo zimekuwa vipimo vya sheria: miaka miwili, minne, na kumi ya pipani. Hiyo ya mwisho ilikuwa miaka sita hadi mwaka 2018. Mfasiri aziache herufi na aandike miaka.

Kuhusu wiski za Uskoti, wanafunzi wamefasiri “single malt” kuwa “kimea kimoja”. Kimea ni neno zuri, la mama zetu wapikao pombe ya ulezi na mtama, na tunafurahi kulikuta. Lakini huo umoja si wa kimea. Ni wa kiwanda. Wiski hiyo yaweza kuwa imetoka katika mapipa mia, mradi yote yawe ya kiwanda kimoja cha kukenekea na nafaka yake iwe shayiri iliyooteshwa. Iitwe basi “wiski ya kimea ya kiwanda kimoja”. Na ile inayounganisha wiski za viwanda mbalimbali, ambayo wao wameiita “iliyochanganywa”, tungependekeza “wiski ya mseto”. Katika masikio ya sokoni kitu kilichochanganywa ni maziwa yaliyotiwa maji; mseto ni chakula kilichopikwa kwa makusudi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanya biashara wa vodka hawakungoja kuthibitisha. Sheria ya Marekani hadi mwaka 2020 iliieleza vodka kuwa ni kileo kisicho na tabia, harufu, ladha wala rangi ya kukipambanua. Hata hivyo mwaka 1997 ilizinduliwa katika soko la nchi hiyo Grey Goose, vodka ya Ufaransa, katika chupa ya kioo chenye ukungu na mabata bukini warukao, kwa bei iliyozidi kwa mbali ya wenzake. Wanafunzi wameeleza jambo hili kwa aya moja tu. Lilistahili sura nzima, maana hapo ndipo kifungashio kilipobeba kazi yote.

Neno “kifahari” limetumika katika andiko hili kila mahali: chupa ya kifahari, kizibo cha kifahari, hata gundi ya kifahari. Kiswahili kina anasa na kina fahari, na haya si mamoja. Wizara za fedha husema “bidhaa za anasa” zikitaja fungu la kodi bila kusifu wala kulaumu. Fahari ni dai la mtu, ni kile anachotaka kuonekana nacho. Basi mchambuzi aseme anasa anapotaja aina ya bidhaa, na fahari anaponukuu madai ya muuzaji. Na lile chombo la Louis XIII, la nyumba ya Rémy Martin, wameliita la “kristali” ilhali tunalo neno bilauri, ambalo asili yake ya Kiarabu ni hiyohiyo, ingawa wengi wetu sasa tunalitumia kwa gilasi ya maji. Tuliwauliza pia kama wamewahi kuutazama mrashi wa fedha, shingo yake ndefu na kitumbo chake. Hawakuwa wameutazama.

Kwamba kifungashio si jambo dogo tulilithibitisha wenyewe tarehe 1 Machi 2017, siku Tanzania ilipoanza kupiga marufuku pombe kali za vipakiti vya plastiki. Watu waliziita viroba, neno la mfuko mdogo wa unga, na pombe yenyewe ikachukua jina la mfuko wake. Kilichokatazwa hakikuwa kimiminika bali kile kilichokifunga, kwa bei yake ndogo na wepesi wake wa kufichika mfukoni mwa mtoto.

Tunafika kwenye lebo waliyoibuni. Ni nzuri, rangi ya pembe kwa maandishi ya dhahabu. Juu imeandikwa “Akiba ya Wazee”, wakifuata neno la Kiingereza ambalo katika sheria ya wiski za Uskoti halina umri wowote uliowekwa. Kwetu sisi akiba ni kitu kilichowekwa kwa muda, na akiba haiozi. Msomaji ataamini kuna miaka nyuma ya neno hilo. Kinywaji chenyewe, wanafunzi walituambia, hakitakuwa kimelazwa pipani hata siku moja. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kupita zote, dhahabu juu ya rangi ya pembe, pameandikwa “Kunywa kistaarabu”. Hilo si onyo. Ni mwaliko mwingine, unaomsifu mnywaji kwa ustaarabu wake kabla hajafungua kizibo. Tumewaomba waondoe neno akiba, na mahali pa mwaliko huo waandike kwa wino mweusi kwamba pombe hudhuru afya na kwamba haiuzwi kwa mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Wamejibu kwamba wino mweusi utaharibu sura ya lebo. Mazungumzo bado yanaendelea, na maoni ya wasomaji juu ya istilahi tulizozipendekeza tutayapokea kwa shukrani.