Kabla ya New York, Ndanda

Kipupwe kikiingia uwanda wa Makonde, mwezi Juni, wenye mikorosho huanza kupuliza salfa ili ubwiriunga usiwaharibie maua, na wenye watoto waliofika umri huanza kuulizana nani atakuwa nyakanga mwaka huu. Huko Ulaya na Marekani ndiyo majira ya joto, na vyuo hupokea wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka nchi mbalimbali kwa kozi za wiki chache. Kijana wa Masasi au Newala aliyebahatika kupata nafasi huondoka wakati uleule wadogo zake wanapoingia jandoni. Mimi naiona kazi ya kumwandaa kijana huyo kuwa na heshima ya nyakanga, na nataka niisifu, maana sijasikia ikisifiwa. Picha hupigwa uwanja wa ndege, na mtu aliyekaa na msafiri miezi kadhaa akimsahihisha hayumo pichani.

Watu wa huku wanajua tangu zamani kwamba kijana hatolewi ulimwenguni hivihivi. Hata Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ya Kanisa la Anglikana mwaka 1926, hakulipiga marufuku jando. Alilitafutia nafasi ndani ya Ukristo, na zile siku za vijana kukaa kando na watu wazima akaziacha. Nadhani aliona ambacho wengi hawakioni: mafunzo yanahitaji muda, na yanahitaji mtu.

Makaratasi nayapitia haraka. Kuna pasipoti ya kielektroniki, ambayo ilipoanza kutolewa mwaka 2018 ilikuwa shilingi 150,000. Kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano, pale inapotakiwa. Kuna viza, ambayo mara nyingi humtaka mwombaji afike mwenyewe Dar es Salaam kuchukuliwa alama za vidole, na kutoka Masasi hiyo ni safari ya kutwa nzima kwenye basi. Mwandaaji hodari huyamaliza haya mapema ili muda uliobaki uende kwenye kazi yenyewe: kuuliza, kusikiliza, kuhakiki, kuandika.

Namjua mama mmoja Newala, mtangazaji mstaafu, ambaye vijana humwendea kabla ya kusafiri. Hana darasa wala cheti cha ualimu. Msimu wa korosho ukifika huwapeleka kwenye ghala la chama cha msingi na kuwaacha hapo tangu asubuhi. Nilikuwepo kijana mmoja alipomletea habari yake ya kwanza, yenye kichwa cha kwamba bei ya korosho imepanda. Mama aliisoma yote, kisha akamuuliza: “Bei ya nani, mwanangu?”

Kijana akarudi ghalani. Safari hii alisimama karibu na karani. Aliona gunia likimwagwa kwenye turubai, korosho mbovu zikichambuliwa kwa mkono, unyevu ukipimwa, gunia likipanda mzani. Pembeni alikaa bibi aliyeshika karatasi yake iliyokunjwa mara nne.

“Shikamoo, bibi. Umepata shilingi ngapi?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimepata kilo. Shilingi bado.”

Habari nzima ilikuwa kwenye jibu hilo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, humpa mkulima karatasi ya uzito kwanza. Mnada huja baadaye, makato huja baadaye, na fedha huja mwisho. Bei inayotangazwa mnadani si ile inayofika mkononi mwa bibi. Kijana aliandika upya akaanzia kwenye karatasi ile iliyokunjwa. Mama akakata sentensi mbili tu.

Aliyepitia hapo ataingia soko la wakulima Ujerumani au kikao cha halmashauri ya mji mdogo Marekani akiwa na swali lake tayari. Wageni nao huja kwetu bila swali hilo. Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likatumwa kuzisomba, malori ya kijeshi yalipigwa picha nyingi. Habari kubwa ilikuja nyuma yake: uhakiki wa wakulima, nani kalipwa, nani bado, na nani anaambiwa korosho zake ni za kangomba, yaani zilizonunuliwa kinyemela nje ya mfumo. Habari hiyo ilihitaji mtu wa kukaa miezi.

Zoezi jingine la mama wa Newala ni gumu zaidi. Januari 2013 Masasi ilikumbwa na ghasia, watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa. Siku hizo Mtwara ilikuwa imechachamaa kuhusu bomba la gesi, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuyafunga yote katika fungu moja. Mjini Masasi kwenyewe watu walipoeleza chanzo walianzia kwenye ugomvi kati ya polisi na waendesha bodaboda. Mama huwataka vijana wawatafute watu waliokuwepo, waandike kila mmoja alisimama wapi na aliona nini kwa macho yake, na waweke kando alichosimuliwa. Wakirudi wamechoka, wakilalamika kwamba maelezo hayapatani, yeye huwaambia waandike hivyo hivyo, kwamba hayapatani, na pale yasipopatana.

Halafu huwasimulia habari za Karl Weule. Mjerumani huyo alifika Masasi mwaka 1906 akapanda hadi Newala, akiwa na kamera na fonografu, wapagazi na askari. Vita vya Maji Maji, ambavyo mwaka uliotangulia viliiteketeza misheni ya Masasi, vilikuwa havijapoa. Alinasa nyimbo kwenye silinda za nta, akakusanya vitu vingi, vikaenda Leipzig. Kazi yake ina thamani hadi leo. Pasipo yeye sauti hizo tusingekuwa nazo. Lakini je, aliyeimba mbele ya askari angeweza kukataa? Alijua wimbo wake unakwenda wapi? Kijana anayekwenda ugenini na kinasa sauti mfukoni anapaswa kujiuliza hayo kuhusu nafsi yake kabla hajamuuliza mwenyeji chochote.

Na ataulizwa kuhusu kwao. Wengi hujibu kwa vinyago na kuishia hapo. Mama huwataka waweze kueleza maji: kwamba udongo wa kichanga wa uwanda huu hunywa mvua yote, kwamba juu hapa hakuna mito, kwamba maji husukumwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema, na kwamba ndiyo sababu nyumba nyingi za Newala zina kisima cha kuvunia maji ya bati. Anayeweza kumweleza mgeni jambo hilo kwa dakika mbili, bila kuomboleza na bila kujigamba, yuko tayari kusafiri.

Wapo wanaodhani mwandishi hutengenezwa ng’ambo. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1963. Mwaka 1966 akawa mhariri wa magazeti ya chama tawala, The Nationalist na Uhuru, mwaka 1972 akaenda Daily News, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA. Urais ulikuja baadaye. Lakini kabla ya New York kulikuwa na Makerere, kabla yake Pugu na Kigonsera, na kabla ya zote hizo shule ya Ndanda, ambako kulikuwa na walimu waliokaa na mtoto wa Lupaso wakasahihisha daftari lake. Majina yao wachache wanayajua.

Kwa hiyo wewe mzazi, mwalimu au mfadhili, kijana wako akipata nafasi ya masomo ya uandishi wa habari nje, usingoje wiki ya tiketi. Mpeleke Januari kwa mwandishi mzoefu aliye karibu nawe, mtafutie nauli ya kwenda kuuliza watu vijijini, na huyo anayemfundisha mlipe.