Bale Bengine Beko Wapi? Ukosoaji wa proklamasio ya kalasi ya nane

Wandugu, kila mwaka tunakosoa hapa vitabu, nyimbo na michezo ya kuigiza. Leo ninaomba tukosoe kitu ambacho sote tumekisikiliza zaidi ya mara kumi katika maisha yetu, bila kukitolea hata neno moja la ukosoaji: proklamasio. Iwe Katuba, iwe Kadutu, iwe Mangobo, mpango wake ni ule ule. Wimbo wa taifa, neno la prefe, shairi moja, mchezo mdogo wa kuchekesha, neno la kuaga la mwanafunzi, kisha majina na asilimia. Mwishoni ni poda kichwani, picha, na watu wanatawanyika.

Proklamasio iko na maneno yake, iko na watu wanaotajwa na wale ambao hawatajwi. Kwa hiyo tunaweza kuisoma vile tunasoma kitabu chochote. Na mimi nitaisoma kupitia kalasi ya nane, juu kalasi ile njo inaonyesha vizuri zaidi kasoro yake.

Kwa nini kalasi ya nane? Tangu sheria ya elimu ya 2014, masomo ya msingi ni miaka minane: sita ya primere na miwili ya mwisho, ile wakubwa wetu walikuwa wanaita C.O. Lakini mara nyingi kalasi ya saba na ya nane ziko ndani ya shule za sekondari, chini ya prefe yule yule wa umanite. Matokeo yake ni kwamba wale watoto wanakuwa watu wa katikati. Siku ya proklamasio, macho yote iko kwa wafinalisti, wale wanaongoja Examen d'Etat. Wa nane wanasomwa haraka haraka, kama kalasi tu ya kupita.

Na kumbe kalasi ya nane njo njia panda yenyewe. Pale wanafanya TENASOSP, ule mtihani wa kuwachagua na kuwaelekeza. Kisha wanagawanyika: mmoja pedagojia, mwingine sayansi, mwingine komersiale, mwingine umeme, mwingine ushonaji. Shule nyingi hazina opsio zote, kwa hiyo wengi wanabadilisha hata shule. Watoto walioketi kwenye benchi moja miaka miwili, hii njo siku yao ya mwisho pamoja. Kama kuna kalasi inayostahili kuagwa vizuri, ni hii. Na hii njo inaagwa vibaya kuliko zote.

Tuanze na mazuri, juu yapo. Kusoma matokeo mbele ya watu wote ni ulinzi. Mzazi anasikia kwa masikio yake, mwanafunzi anasikia, mwalimu pia anasikia. Ni vigumu kesho yake mtu abadilishe 48 iwe 58 ofisini. Tena kuna furaha ya kweli. Mama aliyeuza makala ao ndizi mwaka mzima anasikia jina la mtoto wake likitajwa kwa sauti kubwa, na hakuna karatasi inayoweza kumpa kitu kile. Wale wanaosema proklamasio ifutwe, matokeo yatumwe kwa simu tu, hawajamwona mama yule akicheza katikati ya kiwanja. Mimi siko upande wao.

Lakini sasa tusikilize ile inayosomwa. "Soixante-deux virgule quatre." Yule mama anageukia jirani yake na kuuliza: "Amepita ao hapana?" Siku nzima imetengenezwa kwa ajili ya wazazi, na inasemwa kwa lugha ambayo wengi wao hawaifuati. Katiba yetu ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Sisemi tutupe Kifaransa. Ninasema prefe ambaye asubuhi alipatana bei ya teksi kwa Kiswahili, na jioni atakemea watoto wake kwa Kiswahili, anaweza kusema sentensi mbili kwa Kiswahili: mtoto amepita, ao atarudia kalasi, ao atafanya repeshaji kabla ya mwaka kuanza. Ile haimpunguzii heshima hata kidogo.

Lugha inarekebishika haraka. Kasoro kubwa zaidi iko ndani ya ile namba yenyewe.

Kumbuka buletini zetu. Kozi yenye pointi 20 kwa periode inakuwa na 40 kwa mtihani. Semesta moja ni periode mbili na mtihani, jumla 80. Mwaka ni 160. Maana yake mitihani miwili peke yake inabeba nusu ya mwaka, na mtihani mmoja unabeba robo. Sasa tuseme mtoto ni wa kawaida, anapata 60 kwa mia kila mahali. Mwezi wa sita wanamfukuza juu hajamaliza makuta ya shule. Anakosa mtihani wa semesta ya pili. Zile pointi 120 zilizobaki anapata 72. Kama wanaandika sifuri pale alipokosa, 72 juu ya 160 ni asilimia 45. Ameanguka. Na kama hawaandiki sifuri, anawekwa kati ya wale wasiopangwa, na jina lake halitoki kabisa.

Ile 45 inasomwa mbele ya watu kama kipimo cha akili ya mtoto. Kumbe ni kipimo cha mfuko wa baba yake. Proklamasio haina sauti mbili, haijui kusema "huyu hakuelewa" na "huyu hakulipa." Inazisema zote mbili kwa sauti moja, na watoto wengine wanacheka.

Hapa inafaa tukumbuke jambo moja. Primere ya Leta ni bure tangu mwaka wa masomo 2019-2020. Lakini mtoto akifika ya saba, malipo yanarudi. Kwa hiyo katika miaka ile miwili familia nyingi zinajikwaa: zilizoea miaka sita bila kulipa, sasa minervali inarudi, na makuta mengine juu yake, wakati mtoto amekuwa na nguvu za kutosha kufanya kazi. Anaweza kuuza, kuchimba, kubeba, kulea wadogo. Kalasi ya saba inaanza imejaa. Ya nane inamalizika na benchi zenye nafasi.

Na proklamasio inasema nini kuhusu zile nafasi? Haisemi kitu. Buletini inaonyesha mahali mtoto alipo kati ya wenzake, kwa mfano wa tano kati ya arobaini na moja. Ile arobaini na moja ni idadi ya waliobaki. Tuseme mwezi wa tisa walikuwa hamsini na nane. Prefe anasimama na kusema kwa furaha kwamba karibu wote wamepita. Ni kweli, karibu wote waliobaki. Kumi na saba hawakuanguka, hawakupita, hawakurudia. Katika ripoti yake ni kama hawakuzaliwa.

Kuna watakaosema: shule itaishi na nini? Ni swali la haki. Tunajua wote kwamba kuna walimu wanaofundisha miaka mingi bila kulipwa na Leta, wale wanaoitwa "nouvelles unités" na wale wasiolipwa kabisa, na makuta ya wazazi njo yanawaweka hai. Prefe anayezuilia buletini si mtu mbaya, ni mtu mwenye walimu ishirini mbele ya mlango wake. Lakini deni ni la mzazi na mzazi anajulikana anakaa wapi. Shule inaweza kuandika deni lile, kupanga malipo kidogo kidogo, kumwita baba mara tatu. Kumtoa mtoto siku ya mtihani hakuleti makuta, kunaleta sifuri. Na mtoto aliyeanguka hivyo, mara nyingi hata lile deni halilipwi, juu harudi tena.

Tupite haraka kwa shairi na mchezo. Kila mwaka kuna baba mlevi, kuna msichana aliyedanganywa, watu wanacheka, somo linatolewa. Sawa.

Lakini neno la kuaga linastahili tulikosoe. Linasomwa na mwanafunzi wa kwanza, na kwa kawaida limeandikwa na mwalimu wa Kifaransa. Linaanza na vyeo vya wakubwa wote kwa utaratibu, linapita kwa ndege wanaoacha kiota, linawashukuru walimu waliovumilia, linaomba msamaha kwa makosa. Ukibadilisha jina la shule na mwaka, linaweza kusomwa Kalemie, Bunia ao Kindu, na hakuna atakayejua tofauti. Neno la kuaga ambalo linaweza kumuaga mtu yeyote halijamuaga mtu.

Nilisikia moja tofauti, mwaka nilipomaliza ya nane mimi mwenyewe. Msichana aliyechaguliwa alisoma nusu ya karatasi, akaikunja, akaendelea kwa Kiswahili. Alimshukuru mama anayeuza bitumbua mlangoni, juu alikuwa anatukopesha bila kuandika. Alimtaja mwalimu wa hesabu aliyeondoka katikati ya mwaka bila mtu kumwambia asante. Kisha akasema jina la kijana aliyeketi naye benchi moja, aliyeenda kwenye machimbo upande wa Kolwezi mwezi wa pili, akasema: "Kama iko mutu wa kwabo hapa, amuambie daftari yake ingali kwangu." Wakubwa waliokuwa kwenye viti vya mbele walitazamana. Ba-mama walipiga makofi. Leo hakuna kati yetu anayekumbuka nani alipata asilimia ngapi mwaka ule. Ile daftari tunaikumbuka wote.

Maneno yake yalikuwa ya kawaida tu. Aliweza kwa sababu moja: alihesabu watu, na shule ilikuwa inahesabu pointi. Habari za mwisho wa mwaka, maana yake ya kwanza ni ile: nani alikuja, nani alienda, nani amebaki, nani anaelekea wapi. Pointi ni sehemu moja tu ya habari hizo.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo manne, na yote hayana bei. La kwanza, prefe asome namba mbili kwa kila kalasi: walioandikishwa mwezi wa tisa na wanaomaliza leo. La pili, matokeo ya kila mtoto yasemwe pia kwa lugha ambayo mama yake anaielewa. La tatu, kwa ya nane, badala ya kukimbia na asilimia, kila jina lifuatwe na mahali mtoto anaelekea: opsio gani, shule gani, ao bado hajajua. Yule ambaye hajajua, pengine kati ya watu wale mia mbili kuna fundi ao mwalimu atakayemsaidia siku ile ile. La nne, neno la kuaga liandikwe na watoto wenyewe, na mwalimu asahihishe makosa tu.

Kuna anayesema kwamba kusoma namba mbili ni kuaibisha shule. Ndiyo, kidogo. Lakini leo aibu iko yote juu ya kichwa cha mtoto wa 45. Igawanywe. Shule ichukue sehemu yake, wazazi yao, Leta yake, na sisi wa chama yetu, juu wengi wetu tulipita palepale na hatujarudi kuuliza.

Na hatuhitaji kungoja wizara. Kati yetu kuna walimu, kuna masekretere wa shule, kuna wanaokaa kwenye komite ya wazazi, kuna wanaoalikwa kila mwaka kukaa kwenye viti vya mbele na kupewa soda. Mwaka huu, ukialikwa, kabla soda haijafunguliwa, omba rejista ya mwezi wa tisa. Weka kando ya palmaresi. Kisha muulize prefe, kwa heshima na kwa sauti ya kusikika: bale bengine beko wapi?